Futa Neno Lisilohusika

Mpaka leo nikimsikia kijana anamwambia mwenzake atie gia kubwa, na kumbe anamaanisha namba tano, damu inanichemka. Nimeshagombana na watu wa nyumbani kwangu kwa ajili hiyo. Mkwe wangu mmoja, mtu mstaarabu kabisa, aliwahi kunieleza mezani kwa upole kwamba lugha inabadilika, na kwamba siku hizi kubwa ni ile yenye namba kubwa. Nilimwambia ale ugali wake. Wanangu walicheka wakidhani ni uzee. Si uzee. Ningekuwa na miaka ishirini ningekasirika vilevile.

Nilikuwa mtunza stoo ya vipuri katika gereji ya chama cha ushirika, Sumbawanga mjini, miaka kumi na minne mfululizo. Sikuwahi kuendesha lori hata hatua kumi. Lakini kila kilichofungwa kwenye malori yale kilipita mikononi mwangu kwanza, kikiwa kipya kwenye karatasi yake ya mafuta, na kilipokufa kilirudi kwangu ili niandike kwenye kadi kwamba kimekufa. Benchi la mafundi lilikuwa chini ya dirisha la stoo kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na mwanga. Giaboksi zilifunguliwa mbele ya macho yangu kama vile wanawake wengine wanavyofunuliwa vyungu, na mimi nilikuwa mtu wa kuuliza. Mafundi walianza kunijibu kwa utani, baadaye wakanijibu kwa heshima, na mwisho wakawa wanakuja kuniuliza wao.

Giaboksi ya lori ukiifungua haina miujiza. Ndani kuna shafti mbili zimelala, moja juu na moja chini, na kila moja imevaa magurudumu ya chuma yenye meno. Ile ya chini inazungushwa na injini. Ile ya juu inapeleka nguvu kwenye matairi. Kila gia ni jozi, gurudumu la juu na mwenzake wa chini, wameng'atana meno muda wote. Kwenye namba moja na namba mbili, gurudumu la juu ni kubwa, zito, ukilibeba unalikumbatia kwa mikono miwili, na mwenzake wa chini ni mdogo. Kadiri unavyokwenda kwenye namba za mbele, la juu linapungua na la chini linaongezeka, mpaka namba tano, ambayo gurudumu lake la juu kwenye magari yale lilikuwa kama kisahani cha chai.

Sasa mwangalie mama anayetembea na mtoto wake. Mama akipiga hatua moja, mtoto anapiga tatu. Injini ndiyo mtoto: inazunguka haraka haraka, mara tatu nne, ili lile kubwa la juu lizunguke mara moja. Mwendo unapungua, lakini nguvu inaongezeka, na ndivyo lori linavyopanda mlima na tani kumi mgongoni. Ukiteremka mambo yanageuka. Mzigo unasukuma kutoka nyuma, matairi yanataka kukimbia, lakini kila yakizunguka yanalazimika kuiburuta injini izunguke mara nyingi zaidi, na injini isiyopewa mafuta haipendi kuburutwa. Inagoma. Mgomo huo ndio unaolishika lori. Breki ni za kusaidia tu. Dereva anayeteremka kwa breki peke yake anateremka kwa kuomba Mungu.

Ndiyo maana gereji yetu nzima, mafundi kwa madereva, mtu aliposema gia kubwa alimaanisha moja na mbili. Walikuwa wameliona gurudumu lenyewe, wamelibeba, limewaangukia vidoleni. Fundi akija dirishani akasema mama nipe gia kubwa, sikumuuliza swali la pili. Na gia ndogo ilikuwa ile ya mbele, ya mbio, ya barabara tambarare ya kwenda Kate wakati wa kiangazi. Kumwambia dereva wa ushirika kwamba ameteremka na gia ndogo ilikuwa ni kumwambia kwamba ni mwendawazimu. Nimeona watu wazima wakitaka kupigana kwa neno hilo.

Mume wangu alikuwa mmoja wa madereva hao. Mtu wa maneno machache. Nyumbani tulisema Kifipa, na Kiswahili alikitunza kwa ajili ya kazi na ofisi, kama suti. Alijifunza udereva kwenye malori ya zamani ambayo hayakuwa na zile pete za shaba ndani ya giaboksi za kumsaidia dereva kuingiza gia. Watu wengi wanadhani ukisukuma kile kijiti unahamisha magurudumu. Magurudumu hayaendi popote. Kinachohama ni pete ya chuma yenye meno inayoteleza juu ya shafti na kwenda kulishika gurudumu unalolitaka. Kabla haijalishika, gari liko frii, halina gia. Na pete na gurudumu visipozunguka kwa mwendo mmoja, meno hayaingiani, yanasagana tu na kupiga kelele ya kukutoa roho. Pete za shaba kazi yake ni kusawazisha mwendo huo. Bila hizo, dereva mwenyewe ndiye anayesawazisha, kwa sikio na kwa mguu: anakanyaga klachi, anatoa gia, anaachia klachi, anaipandisha injini kidogo, anakanyaga tena, anaingiza. Mume wangu alifanya yote hayo bila kusikika. Abiria aliyekaa pembeni yake alijua gia imebadilika kwa sababu tu mlio wa injini umekuwa mwingine.

Kutokana na hilo madereva wale walikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyewaandikia. Ukifika ukingoni, pale barabara inapoanza kuanguka kuelekea bonde la Rukwa, unasimamisha lori kabisa. Unatia gia kubwa ukiwa umesimama. Halafu ndipo unaanza kushuka, na hugusi gia tena mpaka bondeni. Kwa sababu lori likishashika kasi mteremkoni, gia kubwa haiingii tena, na ukiitoa ile uliyonayo ili ujaribu, umebaki frii na tani kumi zinakusukuma. Wengi walicheka desturi hiyo ya kusimama, hasa vijana waliokuja baadaye. Waliona ni kuchelewa.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, ya soko huria. Sitaki kusema mengi, watu wa mkoa ule wanajua. Wafanyabiashara walikuja kununua mahindi wenyewe mpaka mashambani, ushirika ukakosa cha kusafirisha, na siku moja tukapewa barua, sote pamoja, za kutushukuru. Nilikabidhi funguo za stoo kwa mtu ambaye hakujua hata beringi ni nini. Malori yetu yalisukumwa nyuma ya gereji, yakaota majani mpaka madirishani. Mimi nilirudi kwenye ulezi na mahindi yetu kule Mollo. Mume wangu, kwa kuwa alikuwa na leseni ya magari makubwa na jina lisilo na doa, alipata kazi kabla ya mwezi kwisha.

Aliyemwajiri alikuwa mfanyabiashara aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi na sasa amenunua lori la mtumba kutoka ng'ambo. Madereva wanamwita mwenye gari tajiri, basi na mimi nitamwita hivyo. Lilikuwa lori zuri kwa kulitazama, limepakwa rangi mpya, na giaboksi yake ilikuwa na zile pete za shaba. Mume wangu alirudi siku ya kwanza akaniambia kwamba gia inaingia kama kisu kwenye siagi. Baada ya miezi michache aliniambia kwamba namba mbili imeanza kuchomoka. Unaitia, inakaa kidogo, halafu lori likilemewa kijiti kinaruka chenyewe na kurudi katikati. Sikuhitaji kufungua chochote kujua. Yale meno ya pete inayoshika gurudumu yalikuwa yameliwa, yamekuwa ya mviringo, hayana ncha ya kung'ang'ania.

Alimwambia tajiri. Alimwambia mara ya pili, na mara ya tatu mimi mwenyewe nilikuwepo, nimesimama na kapu langu mlangoni pa duka. Tajiri alijibu kwamba madereva wa ushirika walidekezwa, walizoea vipuri vya bure, na kwamba gari linalotembea si bovu. Kufungua giaboksi ni kulilaza lori wiki nzima, na msimu wa mpunga hausubiri. Alisema haya huku akitabasamu, akanipa na peremende. Nilizitupa nilipofika njia panda. Mume wangu alifanya walichokuwa wakifanya madereva wote wenye matajiri wa namna hiyo: alikata ukanda wa mpira wa tyubu, akautumia kukifunga kijiti cha gia kwenye kiti ili namba mbili isichomoke. Dereva bora kuliko wote niliowajua, aliyeingiza gia kwa sikio, alikuwa anateremka mlima wa kwenda Mtowisa, kule bondeni, kwa kutegemea mpira wa baiskeli.

Siku ya ajali alikuwa amebeba saruji na mabati ya kupeleka Mtowisa, arudi na mpunga. Ilikuwa saa nne asubuhi. Alisimama ukingoni kama kawaida yake, akatia namba mbili, akafunga mpira, akaanza kushuka. Katikati ya mteremko mpira ukakatika na kijiti kikaruka. Lori likawa frii. Alijaribu kuirudisha, haikuingia. Alikanyaga breki mpaka akasikia harufu yake, na mguu ukawa unazama bila kushika kitu. Mbele, kwenye kona, kulikuwa na familia ya Wasukuma wakivusha ng'ombe, watoto wakiwa katikati ya ng'ombe. Alilielekeza lori kwenye ukuta wa mlima. Lilikwangua mawe kwa umbali mrefu, likasimama, likalala ubavu. Mtu hakufa, ng'ombe hakufa. Yeye alivunjika mfupa wa bega. Wasukuma wale walimtoa kupitia kioo cha mbele, amejaa vumbi la saruji kichwa kizima, wakamnywesha maziwa na kukaa naye mpaka likapita gari la kupanda juu.

Nilidhani watu wangemshukuru. Sikujua kwamba kuna fomu.

Fomu hiyo ililetwa hospitalini na askari wa usalama barabarani aliyepewa jalada, kijana aliyehamia mkoani si muda mrefu, mpole, mwenye kunisalimia shikamoo kila aliponiona. Ilikuwa imepigwa chapa na kurudufiwa mpaka herufi zimefifia. Mahali fulani katikati palikuwa na mstari unaosema: *Gari lilikuwa katika gia KUBWA / NDOGO. Futa neno lisilohusika.* Mume wangu, mkono wa kulia ukiwa umefungwa kifuani, aliomba kalamu kwa mkono wa kushoto. Alilifuta neno *ndogo* taratibu, mstari ukaenda kombo lakini ukafika. Niliona jinsi alivyofurahi. Kwake yeye mstari ule ndio ulikuwa ushahidi kwamba alifanya kazi yake inavyotakiwa. Aliweka sahihi.

Siku kadhaa baadaye aliitwa ofisini, tukaenda wote. Kijana yule alitusomea kwamba dereva, kwa maneno yake mwenyewe na kwa mkono wake mwenyewe, amekiri kuteremka mlima mkali na mzigo mzito akiwa katika gia kubwa, yaani ya mwendo kasi, jambo ambalo ni uzembe uliokithiri. Tajiri naye ameleta karatasi ya fundi wake inayosema gari lilikuwa zima. Jalada linakwenda mkoani Ijumaa, na pendekezo ni leseni ifutwe. Leseni yenyewe ilikuwa tayari kwenye droo yake. Mume wangu hakuelewa. Aliniangalia mimi, kisha akamwangalia askari, akasema kwamba ndiyo, alikuwa katika gia kubwa. Akarudia, akidhani hajasikika vizuri. Askari akatikisa kichwa kwa huruma na kusema, "Sasa unaona, mzee."

Hasira niliyokuwa nayo wakati tunarudi Mollo sijawahi kuwa nayo tena, hata misibani. Mtu aliyekataa kufungua giaboksi alikuwa anauza misumari dukani kwake. Fundi aliyejua kila kitu alikuwa ameweka sahihi. Na mume wangu alikuwa anaangushwa na neno la kweli. Kule mjini tajiri alishaanza kuwaambia watu kwamba yule mzee wa ushirika alijidai kushindana na mabasi, na wenye malori wengine walimsikiliza. Bila leseni, mtu wa umri wake hakuwa na kitu kingine mkononi. Shamba letu lilitulisha tu. Watoto wawili walikuwa shule ya sekondari, na barua za kuwadai ada zilikuwa zinajua njia ya kuja kwetu.

Nilianza na fundi. Alikuwa fundi wetu wa zamani, nimempa spana kwa miaka kumi na minne, na sasa alifanya kazi kwa tajiri. Nilimkuta chini ya gari. Alitoka, akafuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikiri kwamba amekwishaifungua ile giaboksi na kwamba meno ya pete ya namba mbili yamekuwa kama peremende iliyonyonywa. Nikamwomba aje aseme hivyo kwa askari. Akasema ana watoto. Nikamwambia na wangu si paka.  Hata leo simchukii kama ninavyotaka kumchukia. Alichokubali kufanya kilikuwa kimoja: alinisindikiza nyuma ya gereji ya ushirika, tukapenya kwenye majani, na kutoka kwenye giaboksi ya lori letu moja lililokufa alinitolea magurudumu mawili ya shafti ya juu, la namba mbili na la namba tano. Alinifungia kwa gunia. Hakutaka kuonekana akinisaidia kulibeba.

Alhamisi asubuhi nilitoka Mollo na magurudumu hayo kichwani, ndani ya kapu, nimeyafunika kwa kanga. Mume wangu alitembea pembeni yangu na mkono wake umening'inia shingoni. Hakuniuliza nimebeba nini. Upepo wa juu kule ulikuwa ule wa kukausha midomo, na shingo ilikuwa inaniuma kiasi kwamba sikuweza kugeuza kichwa kuwajibu walionisalimu njiani. Nilikuwa najisemesha maneno ya kumwambia yule askari. Nilikuwa na mengi na mabaya.

Tulipoingia ofisini akanyanyuka kunipa kiti na kuniamkia, nusu ya maneno hayo ilinitoka kichwani. Nilishusha kapu, nikakunjua kanga juu ya meza yake, juu ya makaratasi yake, nikaweka magurudumu mawili. Grisi ya zamani ilikuwa bado inang'aa kwenye meno. Aliyatazama kama mtu aliyeletewa nyama asiyoijua.

"Afande," nikamwambia, "ipi kubwa?"

Akasita, akadhani ni mtego, mwishowe akaweka kidole juu ya lile lililojaza nusu ya meza. Nikamwambia hilo ni namba mbili. Hilo dogo ni namba tano. Halafu nikamfundisha. Nilimzungushia lile kubwa kwa mkono, nikamweleza habari ya shafti ya juu na ya chini, habari ya mama na mtoto, kwa nini injini inagoma kuburutwa, kwa nini dereva anasimama ukingoni. Nilimweleza pete na meno yaliyoliwa. Aliuliza maswali, na yalikuwa maswali ya akili. Kumbe hakuwa mjinga. Alikuwa amefundishwa gari akiwa darasani, kwenye ubao, ambako gia zilikuwa namba na namba tano ilikuwa kubwa kuliko mbili. Aliliangalia tena lile gurudumu, kisha akamwambia mume wangu samahani. Alisema hivyo kwa sauti, na mtu mwingine chumbani akageuka kumtazama.

Nilijua tumeshinda. Nilishaanza kukunja kanga yangu.

Akatoa fomu mpya kwenye droo. Alisema ile ya kwanza ataichana na hii ndiyo itakayokwenda mkoani. Lakini kuna tatizo moja dogo. Mkubwa wake kule hataona magurudumu haya. Akisoma gia kubwa ataelewa vile alivyoelewa yeye, na wote watakaosoma baada yake wataelewa hivyohivyo. Kwa hiyo safari hii tufute *kubwa*, tubakize *ndogo*. Hapo jalada litasomeka kwamba dereva alikuwa mwangalifu, na mkaguzi ataagizwa aifungue giaboksi ya tajiri, na leseni itarudi. Nikamwambia aandike namba mbili pembeni, yaishe. Akasema fomu zenye maandishi pembeni zinarudishwa, ameshawahi kurudishiwa, na fomu ikirudishwa pendekezo la kwanza ndilo linalosimama. Ni neno tu, mama, akasema. Maana yake wote tunaijua.

Akamsogezea mume wangu kalamu.

Mume wangu aliusoma ule mstari. Kisha akairudisha kalamu juu ya meza, akailaza sawasawa, akasema kwamba hakushuka na gia ndogo. Askari akamweleza upya, polepole, kama unavyomweleza mgonjwa. Mimi nilimwambia kwa Kifipa mambo ambayo sitayaandika hapa, na yote yalikuwa kuhusu watoto. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akajibu kwa Kiswahili, ili na askari asikie.

"Gia ndogo ndiyo inayoua watu. Nikifuta kubwa, nimesema niliwashukia wale watoto na gia ya kuua. Hao wa mkoani hawanijui. Madereva wananijua."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono ulinyanyuka. Ubishi wote ule, kiburi chote kile, kwa ajili ya karatasi ambayo hakuna dereva hata mmoja angeisoma. Ningemwelewa kama angekuwa anaombwa adanganye. Lakini alikuwa anaombwa aseme ukweli kwa neno la watu wengine, na alishindwa. Wakati huohuo nilikuwa nawakasirikia wale waliotunga ile fomu, waliokaa mahali fulani kwenye viti na kuamua kwamba mlima wa Mtowisa utapimwa kwa maneno mawili, na wala hawakumuuliza mtu hata mmoja aliyewahi kuushuka. Hasira ilikuwa nyingi, sikujua niishushe wapi.

Askari alikuwa amechoka. Alimwambia mume wangu kwamba kesho ni Ijumaa, na kwamba yeye amefanya alichoweza. Mume wangu akasimama. Nilidhani anaondoka, lakini aliweka mkono wake mzima juu ya kiti changu.

"Muulize mama," akamwambia askari. "Amekaa stoo miaka kumi na minne, anajua gia kuliko mimi. Neno atakalosema yeye, nitasaini."

Akatoka nje. Nilimwona kupitia dirishani, amesimama uani ametupa mgongo, upepo unapeperusha kitambaa kilichoshika mkono wake. Hakugeuka kuangalia ndani. Hakuwa ananijaribu, namjua. Alikuwa ameamini tu kwamba nikisema kitu kuhusu gia kitakuwa hivyo, na angerudi ndani na kuweka sahihi yake ya mkono wa kushoto chini ya neno lolote ambalo ningempa.

Askari alichukua kalamu. Aliniangalia kwa furaha kabisa, akijua sasa mambo yamekwisha, kwamba amebaki na mtu mwenye akili. Ncha ya kalamu ilikuwa tayari juu ya *kubwa*.

"Haya mama," akasema, "nifute lipi?"

Niliwaona watoto wangu wawili na sare zao. Niliona leseni kwenye droo, iliyokuwa wazi kidogo.

"Futa ndogo," nikasema.

Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Akafuta, *kubwa* ikabaki. Nikamwita mume wangu kupitia dirishani aje kusaini.